ZAKAYO ALIRUDISHA, NASI JE?

Somo: Luka 19:1–10



Sisi tuliofundisha darasani miaka mingi tuna desturi moja mbaya. Tukisikia habari tunayoijua, masikio yetu hufunga mlango. Habari ya Zakayo ni mojawapo. Watoto wa Shule ya Jumapili wanaijua, kwaya wanaijua, hata asiyefika kanisani ila siku ya Krismasi ataweza kuwaeleza habari ya yule mtu mfupi aliyepanda juu ya mkuyu. Nasi tumeifundisha mara nyingi hata hatuwezi kuhesabu. Lakini kuna mtoto mmoja wa darasa la kipaimara aliyetuuliza swali juu ya habari hii, na swali lake lilitutoa usingizini. Tutalieleza swali hilo mahali pake. Kwanza twaomba tuisome habari yenyewe polepole, kama watu wasioijua.

1. Yesu aliingia, ndipo mali ikatoka

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru mjini Yeriko, naye alikuwa tajiri. Siku zile watoza ushuru walikusanya kwa ajili ya Warumi, na walichotoza kupita kiasi kiliingia mifukoni mwao. Kwa hiyo watu walipomchukia Zakayo hawakumwonea. Ngano iliyokuwa ghalani mwake ilikuwa jasho la jirani zake.

Sasa angalieni mambo yalivyofuatana. Yesu alipofika chini ya mti hakumwambia, "Shuka, kalipe madeni yako yote, halafu nitafikiri kama naweza kuja kwako." Alimwita kwa jina lake, tena akajialika mwenyewe nyumbani kwake siku ile ile. Zakayo akashuka upesi, akampokea kwa furaha, nao watu wakanung'unika. Ndipo akasimama akasema ya moyoni: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Yesu aliingia kwanza, ndipo mali ikatoka. Wako wanaogeuza utaratibu huu. Wanasema, "Acha kwanza nijitengeneze, niache pombe, nimalize ugomvi wa mpaka, ndipo nimwendee Yesu." Hao watangoja mpaka kaburini. Wako wengine wanaokata utaratibu huu katikati. Wanasema Yesu ameingia, wanaimba kwamba ameingia, lakini hakuna kilichotoka. Ghala imejaa vile vile, na waliodhulumiwa wangali wanadai. Hao nao wajiulize ni nani hasa waliyemkaribisha.

Zaidi ya hayo, tazameni kipimo alichochagua Zakayo. Katika Torati, mtu aliyekiri dhuluma yake kwa hiari aliamriwa kurudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:6–7). Kulipa kondoo wanne kwa mmoja kulikuwa adhabu ya mwizi aliyekwisha kumchinja au kumwuza kondoo wa mwenzake (Kutoka 22:1). Zakayo hakujitafutia sheria nyepesi. Alijihukumu kama mwizi. Mtu hafanyi hivyo kwa kuogopa watu, maana hakuna aliyemshitaki siku ile. Alifanya hivyo kwa sababu Mgeni alikuwa amekaa mezani pake, na mbele ya uso wa Mgeni yule hakuweza tena kuipenda mali ile.

Hapa sisi walimu tunapaswa kunyenyekea. Tunafikiri mtu hubadilika kwa kufundishwa. Elimu ni njema, tumeila mkate wake maisha yetu yote. Lakini tumewaona kwa macho vijana tuliowafundisha hesabu vizuri, wakazitumia kuuibia ushirika wa mazao bila kukamatwa. Mtume Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya mtu aliye ndani ya Kristo, hamfananishi na nyumba iliyopakwa chokaa. Anamwita kiumbe kipya (2 Wakorintho 5:17). Kiumbe hakijiumbi.

2. Moto uliowaka jirani yetu

Ndugu zetu, hatuna haja ya kwenda Yeriko kutafuta watu wa namna hii. Mambo haya yalitendeka jirani yetu, ng'ambo ya mto.

Mwaka 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda. Aliikuta nchi katika njaa kali. Mwaka uliofuata, 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala kupumzika. Huko, katika kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wawili hao, mweupe na mweusi, katika siku ambazo Mwafrika na Mzungu hawakuketi pamoja kama ndugu, waliketi wakafungua Biblia, wakasoma na kuomba. Waliondoka pale wakiwa watu wengine. Wengi huhesabu mkutano ule kuwa mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Lakini kinachotufundisha zaidi ni habari ya Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa mkuu wa wasaidizi katika hospitali ile ya Gahini. Kazi ilikwenda vibaya, wagonjwa hawakutunzwa ipasavyo, na wafanyakazi hawakupatana. Kinuka akaenda Kampala kumwona Nsibambi, naye Nsibambi alimgeuza atazame ndani: hali mbaya ya hospitali imeanzia dhambini, moyoni mwako mwenyewe. Neno kama hilo ni chungu. Kinuka alirudi nalo safarini, na katika safari ile ile akamkabidhi Yesu maisha yake. Alipofika Gahini majengo yalikuwa yale yale na vitanda vile vile, ila macho yaliyovitazama yalikuwa mapya. Akaanza kuona uchafu aliokuwa akiupita kila siku, na mgonjwa akawa mtu mbele yake. Wenzake wengi hawakufurahi. Mtu akiacha kuiba, anawaharibia wenzake wanaoiba.

Alikuwapo pia Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu na shemasi aliyetumika Gahini. Mwanzoni mwa mwaka 1936 alisafiri kwenda Uganda kwa ajili ya mkutano wa sinodi ya kanisa. Alikuwa ametayarisha mambo machache ya kuwauliza wakuu wa kanisa. Aliuliza sababu ya kanisa kuwa baridi. Aliuliza juu ya watu wanaoishi dhambini waziwazi, nao wanaikaribia Meza ya Bwana bila hofu. Aliuliza kifanyike nini ili kanisa liamke. Hakupata nafasi ya kuyasema kwa kinywa chake, maana alishikwa na homa akafa mwezi ule ule wa Januari. Wenzake waliyapeleka maneno yake mbele ya sinodi. Na neno lake moja, "Zukuka", yaani "Amka", likaenea Uganda yote.

Mwaka 1939 moto huo ulifika Katoke, upande wetu huu wa Ziwa, palipokuwa na chuo cha walimu cha C.M.S. Wale waliokuwa wakisomea ualimu wakaupeleka vijijini pamoja na chaki. Wazee waliotulea waliishi katika habari hizo. Walikuwa na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ambao hata leo hauhitaji kitabu. Walikuwa na desturi ya kukutana, kusoma Neno, na "kutembea nuruni", kama Yohana anavyotufundisha (1 Yohana 1:7), yaani kutoficha mbele ya ndugu. Na alama iliyowatambulisha hata kwa wasioamini ilikuwa hii: walirudisha. Mtu alirudisha jembe, shuka ya hospitali, fedha za mwajiri. Mtu alikwenda kwa adui yake mchana, watu wakimwona, akasema, "Mimi ndiye niliyekosa."

Askofu Festo Kivengere, aliyepata kuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa askofu katika Uganda, alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Alisimulia jinsi alivyokwenda kwa baiskeli mwendo mrefu kumwomba msamaha Mzungu aliyekuwa akimchukia. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, yeye mwenyewe akakimbia nchi yake. Akiwa uhamishoni alitoa kitabu ambacho jina lake tu liliwashangaza watu, kwa maana alitangaza humo kwamba anampenda Idi Amin. Yule mwendo wa baiskeli ulikuwa umemfundisha njia.

3. Kwa nini basi mwaka 1994?

Hapa msomaji mwenye kufikiri atatusimamisha. Atasema: "Kama Rwanda ndiyo chimbuko la moto huo, yaliyotokea mwaka 1994 yalitoka wapi?"

Swali hili ni la haki, na sisi watu wa Biharamulo na Ngara hatuwezi kulikwepa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa kama mji. Mto Kagera ulichukua maiti mpaka Ziwa Victoria. Katika siku kama mia moja waliuawa watu zaidi ya 800,000, na wengine wao waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Wengi wa waliouawa walibatizwa, na wengi wa waliowaua walibatizwa pia.

Hatutaki kujibu upesi, maana jibu la upesi ni tusi kwa waliokufa. Lakini jambo moja tunaweza kulisema kwa hofu. Wokovu haurithiwi kama kibanja cha migomba. Babu akiwa ameokoka, mjukuu ameachiwa kibanja, jina la ukoo, na pengine Biblia iliyochakaa. Yesu hakuachiwa. Yesu hutembelea kila nyumba upya, na kila nyumba humfungulia au humfungia. Watu wanaweza kushika wimbo, na salamu, na desturi ya kutubu kwa maneno yale yale kila juma, huku lile kabila la moyoni halikuguswa kamwe. Ni kama mtu anayeleta ankara ya mwaka jana kulipia deni la mwaka huu.

Tena tusisahau upande wa pili. Wako waliokataa chuki wakafa kwa kukataa huko. Miaka thelathini kabla, mwezi wa Januari 1964, Mchungaji Yona Kanamuzeyi wa huko Nyamata aliuawa na askari, kwa sababu hakuacha kuwahudumia watu waliokuwa wakichukiwa. Kwa hiyo moto haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa kweli kwa wale waliokubali uwachome wenyewe.

Na kabla hatujanyosha kidole ng'ambo ya mto, tutazame nyumbani. Hapa kwetu Bisibo hakuna aliyeshika panga. Lakini wako ndugu wawili wanaopiga magoti kwenye reli moja ya Meza ya Bwana, na wakitoka nje hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Lile swali la Blasio Kigozi halijajibiwa.

4. Fedha zilirudi, jina halikurudi

Sasa tumefika mahali pagumu kwetu tunaoandika. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tumeficha miaka mingi, na hatukuzaa.

Mwaka 1987 tulikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi. Siku zile shule zililima ili kujitegemea. Tuliuza maharage ya shamba la shule, tukapata shilingi 1,400, nazo hazikuwa fedha kidogo. Sisi ndio tuliokabidhiwa kuzitunza. Baada ya siku chache hazikuonekana katika dawati la ofisi. Aliyekuwa akifagia ofisi asubuhi ni kijana wa darasa la sita, na ufunguo ulikaa kwake. Hatukuuliza mara mbili. Alichapwa mbele ya mstari, shule nzima ikitazama, naye akalia akisema hakuchukua. Akafukuzwa mpaka mzazi wake alipe. Baba yake aliuza mbuzi wawili na vitu vingine vya nyumbani akalipa. Halafu akamtoa shule, akamwambia kwamba hawezi kumsomesha mwizi. Kijana akaenda ziwani kuvua dagaa.

Baada ya mwaka na nusu tulihamishwa. Tulipokuwa tukifunga mizigo tulifungua daftari la mahudhurio la mwaka uliopita, na fedha zilikuwa humo, zimekunjwa katika karatasi, kwa mkono wetu wenyewe. Tulikuwa tumeziweka humo jioni moja kwa haraka, tukasahau.

Ndugu wapendwa, tulifanya nini? Tuliogopa. Tulifikiri juu ya kazi, na heshima, na watu watasemaje. Tukaziingiza fedha zile katika mfuko wa shule kidogo kidogo, kama michango yetu, na mwalimu mkuu akatushukuru kwa moyo wetu wa kujitolea. Tukajiambia kwamba jambo limekwisha. Fedha zilirudi, jina la mtoto halikurudi.

Tangu hapo tulifanywa mzee wa kanisa. Tulihubiri. Tuliwafundisha watoto Amri Kumi, pamoja na ile ya kutomshuhudia jirani uongo. Tulimjua Yesu kama tulivyojua jedwali la kuzidisha: hatukukosea, wala halikutugusa.

Miaka michache iliyopita, baada ya kustaafu, tulikuwa tukifundisha darasa la kipaimara wakati wa Kwaresima, somo la Zakayo. Binti mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, wale watu aliowaonea Zakayo, aliwapata wote?"

Tulimjibu kwamba Biblia haielezi, tukaendelea na somo. Lakini usiku ule hatukulala. Hatukusikia sauti wala hatukuona maono. Tulijua tu, kama mtu anavyojua kwamba kuna mwingine chumbani gizani, kwamba Yesu amesimama chini ya mti wetu. Alikuwa akituita kwa jina lile la nyumbani, si kwa jina la Mwalimu. Tulikuwa tumepanda juu sana kwa miaka zaidi ya thelathini, kwenye mti wa heshima, tukimtazama anapita. Yeye hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililotuvunja. Alitaka kuingia nyumbani, na nyumbani mlikuwa na daftari lile.

Tukaulizia, tukapata habari zake, tukapanda basi kwenda ziwani. Tulimkuta mwaloni akishona nyavu, mtu mzima mwenye mvi kidogo. Alitutambua. Hakutuamkia shikamoo. Alisema, "Habari za huko," akaendelea kushona. Tukamweleza yote, hatukujitetea. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema neno ambalo tutalibeba mpaka kaburini: "Mwalimu, baba alikufa akiamini mimi ni mwizi."

Hatukuwa na la kujibu. Mambo mengine hayarudishiki, na mhubiri asiwadanganye watu.

Kisha akasimama akasema, "Twende kwa mama. Ukamwambie yeye." Tukaenda. Yule mama mzee alitusikiliza, akatuambia tungoje. Akawaita majirani, na wadogo wa marehemu mumewe, akasema, "Mwalimu, sasa sema tena. Sema kwa sauti." Tukasema tena. Nadhiri ya Zakayo nayo ilisemwa mbele ya watu.

Baadaye, kutoka katika kiinua mgongo chetu, tulimpelekea mbuzi wanne. Hawakufika kipimo cha Zakayo, lakini ndicho tulichoweza. Mama akawatazama, akafungua wawili akawaingiza zizini. Akasema, "Hawa ndio mume wangu aliowauza. Hao wengine si wangu." Tukarudi nao wawili. Tulijifunza siku ile kwamba maskini aliyedhulumiwa anaweza kuwa mwaminifu kuliko mwalimu wa dini.

Je, mwanawe ametusamehe? Hajasema, nasi hatumwulizi. Msamaha ni mali yake, hatuwezi kumdai. Lakini Pasaka iliyofuata simu ililia asubuhi, na sauti ikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tuliketi chini tukalia kama mtoto.

5. Tufanye nini?

Wapendwa, hatukuandika haya ili watu watuhurumie, wala ili watusifu kwa kukiri. Tumeandika kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Yako madaftari mengine katika parokia hii. Kwa hiyo twashauriana mambo matatu.

Kwanza, tuanze na Yesu, tusianze na deni. Anayeanza na deni atakata tamaa au atatafuta ujanja, kama tulivyofanya sisi kwa ile michango yetu. Keti naye. Soma Injili polepole, si kwa ajili ya kutayarisha mahubiri, bali kama barua uliyoandikiwa wewe. Mwambie jambo lenyewe kwa jina lake. Usiseme, "Bwana, nisamehe makosa yangu," ukapita. Sema, "Nilimsingizia fulani." Yeye alikuita kwa jina; nawe iite dhambi yako kwa jina.

Pili, nenda kwa uliyemkosea. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale, aende kupatana kwanza (Mathayo 5:23–24). Nenda mwenyewe, usitume mjumbe. Ungama dhambi yako, usiungame na ya kwake. Wazee wa Uamsho nao walijikwaa hapa mara nyingine: toba ikageuka kuwa njia ya kuwashitaki wengine mbele ya ushirika, au kuwa mashindano ya nani ametoka shimoni zaidi. Palipokosewa hadharani, patengenezwe hadharani. Palipokosewa faraghani, usiende kumwumiza mtu upya kwa kutafuta nafuu yako. Mwendee mchungaji wako kwanza, akushauri.

Tatu, usitoze malipo. Anayetubu hana haki ya kudai kukumbatiwa. Huenda utafukuzwa. Huenda utaambiwa neno kama lile tuliloambiwa mwaloni. Lipokee. Yesu hakumwahidi Zakayo kwamba watu wa Yeriko watampenda. Alisema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile siku ile.

Nanyi mliodhulumiwa, ambao jina lenu lilichafuliwa na mkubwa fulani asiyetubu mpaka leo, tunawaambia hivi kwa heshima: Bwana anajua daftari lilipo. Msilazimishwe na mtu kusamehe upesi ili yeye apate usingizi. Lakini msimwachie chuki Yesu anapopita kwenu, maana hata nyumbani mwa aliyeonewa Yeye hubisha hodi.

Mtu atauliza, "Ninyi mmebadilika nini?" Hatujawa malaika, wa nyumbani kwetu wataeleza. Hasira ya ualimu ingali inatutokea. Lakini tunalala. Mtoto akishitakiwa mbele yetu, tunauliza mara mbili, na mara ya tatu. Tukisoma Zakayo hatusomi habari za mtu mwingine. Na tukienda kuomba asubuhi hatuendi kutoa ripoti kwa mkuu. Tunakwenda kwa Mtu anayejua baya letu kuliko wote, naye bado anataka kushinda kwetu.

Binti yule wa kipaimara aliuliza kama Zakayo aliwapata wote. Bado hatujui. Lakini tunaamini kwamba jioni ile, Mgeni alipoondoka, Zakayo alichukua fimbo yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Tuombe:

Bwana Yesu, uliyesimama chini ya mti ukamwita mwizi kwa jina lake, tuite na sisi. Ingia nyumbani kabla hatujapafagia. Tuonyeshe daftari tulilolificha, utupe miguu ya kwenda na kinywa cha kusema kweli. Wafariji wale ambao hatuwezi tena kuwarudishia, nao waliokufa wakituamini vibaya au kuwaamini wengine vibaya kwa sababu yetu, tunakuachia Wewe. Patanisha ndugu wa parokia hii, tusiikaribie Meza yako kwa mikono inayokataa kusalimiana. Ututengeneze upya kila siku, mpaka tukuone uso kwa uso. Amina.